Glasi za kabati la mama kuwa vyombo vya maua mezani: nimejaribu, njooni tushauriane

Binti_Ngamiani

Wapendwa, habari za jioni. Wale wa "fupisha" mnisamehe, uzi huu ni mrefu na naandika kwa simu.

Tanga niliyokulia mimi, kila nyumba ya jirani ilikuwa na kabati la vioo sebuleni. Ufunguo anao mama. Vilivyomo hutoka Idi, au akija mkwe, basi. Sisi watoto tulivijua kwa macho tu. Kwetu vyombo vilikuwa vya asili mbili: alivyonunua mama mwenyewe kidogo kidogo, na vile vya babu. Babu alikuwa karani wa shamba la mkonge, na mashamba yalipotaifishwa mwaka 1967 meneja wake, Mgiriki, akawa anafungasha na kuuza vitu vya nyumbani. Babu alikwenda kuulizia baiskeli. Akarudi na kreti la glasi. Bibi hakumsemesha siku mbili.

Mama ametutoka mwaka juzi, ufunguo nikaachiwa mimi. Nilikaa nao muda mrefu bila kufungua, mnaelewa. Nilipofungua nikahesabu: bilauri za ukingo wa dhahabu zilizokuwa sita, zimebaki nne. Glasi ndogo za mguu, tisa. Majagi mawili ya sharubati, moja lina ufa. Vibakuli vya faluda vitano, kila kimoja na ukoo wake, kimoja cha kijani cha ajabu. Mrashi wa kioo, kichwa chake chenye matundu kimepotea. Chemni nne za kandili, kandili zenyewe hazipo. Na vichupa vya dawa vya zamani, vya kahawia na vya buluu, sijui alivitunzia nini. Seti kamili hakuna hata moja. Huwezi kuwakaribisha watu sita kwa bilauri nne, na kuzitupa ndiyo kabisa, mkono haunyanyuki.

Sasa mdogo wangu anaolewa. Baada ya nikaha, wakwe kutoka Mombasa watakula kwetu usiku, uani, meza saba. Mpambaji aliniambia 45,000 kwa meza, na maua yenyewe ya plastiki. Mara saba, piga hesabu mwenyewe. Usiku ule nikalitazama kabati nikasema, hivi si vyombo hivi?

Nikaingia mtandaoni kutafuta mawazo. Jamani. Kila video mtu anapulizia glasi ya bibi yake rangi ya dhahabu, anaibandika na nyingine kwa gundi ya moto, anamwagia vimetameta. Mwingine anatoboa kitako. Msimamo wangu ni huu, na ndio sababu ya uzi: chombo kama hiki unakiazima, hukigeuzi. Kitiwe maji na ua, shughuli ikiisha kioshwe kirudi kabatini kama kilivyotoka. Ukishakipaka rangi umekiua, na rangi yenyewe itabanduka mvua ya kwanza.

Niliyoyajaribu wiki hii:

Vichupa vya dawa ndivyo rahisi kuliko vyote. Shina moja kila kichupa, vitano vikipangwa kwa mstari katikati ya meza, virefu kwa vifupi. Ua moja kwenye shingo nyembamba linasimama lenyewe, halihitaji ufundi.

Jagi lenye ufa linavuja polepole. Nimetia ndani kopo la mtindi, maji yako kwenye kopo, halafu nikazungusha jani la mgomba kati ya kopo na kioo. Kutoka nje unaona kijani tu. Nililipenda kuliko lile zima.

Chemni hizi ndizo zilizonifurahisha. Hazina kitako, kwa hiyo naisimamisha juu ya kisahani, ndani naweka kifuniko cha chupa chenye maji na ua moja fupi. Linasimama mle ndani kama utambi unaowaka.

Vibakuli vya faluda: maji kidogo, asumini zinaelea.

Kusafisha ndiko kulikonitoa jasho. Maji ya kisima cha kwetu yana chumvi, na miaka yote ile yameacha utando mweupe ndani ya majagi. Siki imeutoa: nusu siki nusu maji, usiku mzima. Vichupa visivyoingia hata kidole nimetia mchele mbichi kiganja kimoja na siki, nikatikisa kama kayamba. Kosa nililofanya ni bilauri moja ya dhahabu, niliisugua ukingo kwa steelwool. Dhahabu imeondoka nusu duara. Nimekaa chini nikalia, si kwa ajili ya dhahabu.

Maswali yangu mawili. Jagi moja limebaki na ukungu hata baada ya siki, lifanyweje? Na asumini zangu zinageuka rangi ya kahawia kabla ya isha, nakosea wapi? Shughuli ni Jumamosi ijayo.

Kambi_Popote

Bila picha uzi unachechemea. Ila nimeweka mkeka hapa.

Shangazi_Mkali

Mwanangu, nia yako nzuri na Mungu amrehemu mama. Ila hizo glasi za mguu mimi nazijua, ni glasi za mvinyo. Unaziweka mezani mbele ya wakwe, tena usiku wa nikaha? Watu wa Mombasa watakwenda kusema nini kwao? Usiseme sikukwambia.

Binti_Ngamiani

Shangazi, shikamoo. Hilo nimeliwaza. Katika nyumba yetu hazijawahi kutiwa hata sharubati, mama alikuwa akiweka pamba za marashi humo. Zimeoshwa, na ua limo ndani hadi ukingoni, nani atataka kunywa? Lakini nimekusikia, meza ya wakwe sitaziweka.

MwanaToi

Salamu kutoka Nairobi. Hizo za mguu zipindue! Glasi kichwa chini juu ya meza, ua limefunikwa ndani ya tumbo lake, na pale kwenye mguu uliotazama juu unasimamisha mshumaa mfupi. Hakuna atakayeiita ya mvinyo tena. Ua lizungushie pamba iliyolowa kwenye shina, litafika asubuhi.

Mimi hizi ndizo biashara yangu ndogo. Kwenye masoko ya Toi na Gikomba vyombo vya mitumba vikifunguliwa, kila mama anakimbilia seti. Glasi yatima, ile isiyo na mwenzake, inabaki chini ya meza ya muuzaji kwa bei ya chai na mandazi. Nazikusanya hizo. Wateja wangu wa maharusi hawataki zifanane, wanataka meza ionekane kama imekusanywa na nyanya yao miaka hamsini. Siri ni moja tu: chagua kitu kimoja kifanane. Ama rangi ya kioo, ama rangi ya ua. Vyombo vikiwa vya kila kabila na maua nayo ya kila kabila, meza inakuwa kama stoo.

Kambi_Popote

"Glasi yatima." Nimeinukuu hiyo.

Mzee_wa_Shangani

Bibie, umenikumbusha mengi. Nyumba za mawe za Lamu na za kwetu Unguja zina zidaka, vile vishubaka vya chokaa ukutani, na mabibi wakipanga humo sahani za Kichina na vyombo vya kioo vilivyokuja na majahazi. Waliochimba magofu ya Kilwa na Gedi wamekuta vipande vya kioo mle mle na vya kaure. Kwa hiyo hili kabati la mama yako si mambo ya kizungu kama wengine wanavyodhani. Ni kidaka kilichotiwa mlango. Na neno bilauri lenyewe limetokana na Kiarabu, ballur, jiwe angavu.

Asumini. Unazichuma wakati gani? Nadhani unazichuma asubuhi zimeshafunguka. Asumini ni ua la usiku. Chuma vitumba vikiwa vimefumba bado, baada ya alasiri, vyeupe lakini vimefunga mdomo. Vifunike kwa kitambaa kibichi, kisha vielee kwenye maji magharibi. Vitafunguka wageni wakiwa wanakaa, na harufu itatoka wakati huo huo. Waliokuwa wakifunga vikuba na kutunga makoja wanalijua hili bila kufundishwa. Usizishike shike, alama ya kidole ndiyo hugeuka kahawia kwanza. Na usitafute siku mbili kutoka kwa asumini. Ni ya usiku mmoja.

Kuhusu mrashi, hapo nakupinga kidogo. Hukusema umeutia ua, lakini naona unaelekea huko. Mrashi una kazi yake. Maulidi au nikaha, wageni hunyunyiziwa marashi ya mawaridi kwa huo huo. Mpwa wangu yuko Maskati, kila mwaka mawaridi ya Jabal Akhdar, milima ya Oman, yakichumwa kati ya Machi na Mei hupata chupa ya maji yake. Uupe mrashi kazi yake kwanza, hata bila kichwa. Maua yana vyombo tele.

Binti_Ngamiani

Mzee, nilikuwa nimeshautia tawi la mlangilangi 🙈 Nimelitoa sasa hivi.

Fundi_Maua_Arusha

Nimeingia. Nimefanya kazi ya maua miaka mingi, mashambani kwanza na sasa duka langu mwenyewe. Tanga joto, kwa hiyo adui yako mkubwa si chombo, ni maji ya uvuguvugu.

Maua yakifika usiyapeleke mezani. Kata ncha ya shina mshazari, kwa kisu kikali, mkasi butu unalibana shina linashindwa kunywa. Ng'oa majani yote yatakayoguswa na maji, hayo ndiyo yanayooza na kutoa ile harufu ya dimbwi, na kwenye kioo kila mtu anayaona. Kisha maua yalale usiku kucha kwenye ndoo ya maji hadi shingoni, chumba cha baridi na giza. Siku ya shughuli unahamisha tu. Maua yaliyokunywa vizuri usiku yanavumilia mengi.

Maji ya mezani: lita moja, kijiko cha chai cha sukari, kijiko cha chai cha maji ya limau, matone machache ya jiki. Watu hutia sukari peke yake, hapo unalisha bakteria tu. Bilauri za dhahabu usizitie jiki, tia maji matupu ubadilishe kila siku. Na maua yasikae karibu na ndizi mbivu au maembe: matunda yanayoiva hutoa gesi ya ethilini na ua linazeeka kabla ya siku yake. Nimeona kapu zuri la matunda likiua mawaridi ya meza nzima.

Vyombo vyenye mdomo mpana, kama hayo majagi: pitisha selotepu nyembamba juu ya mdomo, misalaba misalaba, kama wavu wa goli. Kila shina linapata tundu lake. Majani ya pembeni yanaficha selotepu. Ikitolewa haiachi alama, kwa hiyo msimamo wako wa kuazima umesimama.

Urefu: kaa kwenye kiti, weka kiwiko mezani, kunja ngumi. Ua lisipite ngumi. Wakwe wamekuja kuonana, si kuchungulia kati ya matawi.

Ukitumia bogenvilia, kumbuka zile rangi ni majani, ua lenyewe ni kile kidoti cheupe katikati. Linanyauka haraka sana kwenye shina. Zamisha tawi zima majini saa moja kabla, au elea vichwa tu kwenye vibakuli. Mashina yenye utomvu mweupe choma ncha kwa mshumaa sekunde chache, la sivyo utomvu unaziba njia na kuchafua maji.

Mpita_Njia_88

Kazi yote hii. Maua ya plastiki hayanyauki, hayamwagi maji, unayakung'uta vumbi mwakani unatumia tena. Wanawake mnapenda kujitesa.

Fundi_Maua_Arusha

Mpita njia, nisalimie vumbi.

Nesi_wa_Temeke

Mpita njia kachokoza ila kuna kitu hapo. Naomba niwe mkali kidogo. Dar tumepata mlipuko wa homa ya dengue 2014 na tena 2019, na mbu wake, Aedes, anapenda maji masafi yaliyotuama ndani ya nyumba. Chombo cha maua ndicho pepo yake. Baada ya sherehe watu huacha vichupa dirishani wiki mbili kwa sababu "bado ni vizuri". Yai hadi mbu anayeruka ni siku 7 hadi 10 hivi kwenye joto letu. Kumwaga maji na kutia mengine hakutoshi, mayai hugandishwa ubavuni mwa chombo, ndani, juu kidogo ya maji na hustahimili ukavu miezi. Sugua ndani, kila siku mbili tatu. Mchele wako na siki ni dawa tosha. Kinachorudi kabatini kirudi kikavu.

Binti_Ngamiani

Nesi, hili sikulijua kabisa. Ahsante.

Kivu_Moja

Salamu kutoka Bukavu. Huku kwetu nyumba nyingi zilikuwa na glasi za Duralex, zile za Ufaransa. Kampuni ilianza 1945. Shuleni kwa masista tulikuwa tunageuza glasi kusoma nambari ndogo chini, kila mmoja nambari yake ndiyo umri wake, mwenye kubwa ndiye mzee wa meza, hafagii. Kumbe ni nambari ya kalibu tu, ile inayoipa glasi umbo.

Nasema hii kwa sababu umetaja watu wa kutoboa. Kioo kile kimepashwa moto na kupozwa haraka makusudi kiwe kigumu. Ukijaribu kukikata au kukitoboa kinalipuka chote vipande vidogo vidogo kama chumvi ya mawe. Shemeji alijaribu. Tuliokota vipande chini ya kabati hadi Pasaka. Kwa maua ni vizuri sana, vifupi, vizito, haviangushwi na watoto. Mawaridi matatu yaliyokatwa mafupi, yanajaza glasi, kwisha.

Chibuku_wa_Brum

Nipo Birmingham, Uingereza, na mke wangu ameninyang'anya hela zote kwa ajili ya vioo vya zamani vya maduka ya hisani, kwa hiyo nimekuwa mtaalamu kwa lazima.

Geuza kila chombo utazame kitako kwenye mwanga. Ukikuta herufi "Rd" na nambari, ni umbo lililosajiliwa Uingereza mwaka 1884 au baadaye. Ukikuta alama ya almasi yenye herufi pembeni, hiyo ni ya nyuma zaidi, kati ya 1842 na 1883, na hapo tafadhali usimpe mtoto abebe. Ukiona kovu la duara katikati ya kitako, kioo kilipulizwa kwa mdomo na kukatwa kwenye fimbo ya fundi. Mshono mwembamba ubavuni maana yake kalibu.

Jagi lako la ukungu: kama siki ya usiku mzima haikuutoa, huo si uchafu tena. Kioo chenyewe kimelika. Hakirudi kama kilivyokuwa. Ukilitia maji, ukungu unafifia sana kwa macho, na ndiyo maana majagi wagonjwa ni wazuri kwa maua kuliko kwa kabati.

Zile nzito zinazolia muda mrefu ukizigonga kwa ukucha huenda ni kristali ya risasi, yaani kioo chenye madini ya risasi ndani, na huku lazima iwe na oksidi ya risasi asilimia 24 au zaidi ndipo iitwe hivyo. Maua hayajali. Ila usilaze sharubati ya limau humo usiku kucha, tindikali inavuta risasi.

Jambo la mwisho, mchana usiweke jagi la mviringo lenye maji kwenye jua kali. Linakusanya miale kama lenzi. Tuna alama ya moto kwenye pazia.

Na hicho kibakuli cha "kijani cha ajabu", nitumie picha usiku. Au nenda kwa wakala wa pesa wa mtaani, mwombe ile taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia. Kikiwaka kijani kama mkia wa kimulimuli, kina urani. Ndiyo, urani. Zamani walitia kidogo kupata rangi. Kukitumia kwa maua hakuna neno.

Wakala_wa_Kona

Nimesoma hapo kwenye urani nikasimama. Taa ninayo. Nimemulika kila glasi ya nyumbani kwangu, hakuna kitu, ila meno ya bandia ya baba mkwe yanawaka 😂

Shangazi_Mkali

Urani si ndiyo ya mabomu? Mnamchezea mtoto wa watu.

Chibuku_wa_Brum

Shangazi shikamoo. Ni kiasi kidogo kilichofungwa ndani ya kioo chenyewe. Faluda mimi nisingelia humo, lakini ua lielee tu, halitadhurika na wewe hutadhurika.

Binti_Ngamiani

MREJESHO. Wapendwa, imepita. Nimelala siku nzima ndiyo naamka.

Maua nilipata ya aina tatu tu, kwa ushauri wa MwanaToi: mawaridi meupe kutoka Lushoto yaliyokuja kwa basi la alfajiri ya Ijumaa, asumini za uani, na matawi ya mrehani. Nyeupe na kijani, basi. Vyombo vikafanye fujo zao vyenyewe. Ijumaa usiku mawaridi yalilala kwenye ndoo bafuni na hakuna aliyeruhusiwa kuoga hadi asubuhi, kaka yangu bado ananuna.

Meza ya wakwe niliweka jagi la ufa, lile la kopo la mtindi, na bilauri za dhahabu. Ile niliyoiharibu niliigeuza upande mzuri uwatazame wao. Meza mbili za wasichana, glasi za mguu zilizopinduliwa, shangazi yangu mwenyewe alipita, akatazama, akauliza "hivi vitaa umenunua wapi?" Sikujibu. Meza nyingine vichupa, chemni na vibakuli.

Yaliyokwenda vibaya. Saa kumi na moja upepo wa bahari uliangusha vichupa vya meza mbili, maji hadi kwenye leso. Vichupa virefu ni vyepesi. Mtoto wa dada akaleta gololi zake, tukatia tatu tatu kila kichupa, vikatulia. Ninawashauri mfanye hivyo tangu mwanzo.

Kisha umeme. Saa mbili na robo, sinia za pilau ndiyo zinatoka, giza. Jenereta ya jirani ikagoma. Nikasikia mzee mmoja wa upande wa wakwe anasema polepole, "si mna chemni hapo?" Jamani, chemni! Nimezitazama wiki nzima kama vyombo vya maua, nikasahau kwamba zilikuwa za taa. Tukatoa maua, tukatia vipande vya mishumaa. Ya kwanza ikazimika, ya pili ikazimika. Yule mzee akacheka, akatoa sarafu mfukoni, akaweka tatu chini ya ukingo wa chemni kuinyanyua kidogo: ikikaa bapa kwenye kisahani hewa haipiti chini, mshumaa unakosa pumzi. Ikawaka wima, bila kutikisika, na upepo wote ule. Moja ilipasuka kwa haraka yangu, sikuikausha ndani, maji na moto vikakutana. Kwa hiyo zimebaki tatu.

Na asumini zikafunguka katika giza lile lile, Mzee wa Shangani. Kama ulivyosema. Watu wakaacha kuongea kidogo. Kwa kweli umeme uliporudi saa tatu na nusu kuna waliosema "zimeni".

Mrashi ulizunguka mwisho. Kichwa hakuna, kwa hiyo bibi wa jirani alimimina marashi kiganjani na kunyunyiza kwa vidole, meza hadi meza. Nilikuwa na hamu mama aone hili.

Gharama: maua na usafiri wake 68,000, siki na mishumaa 9,500. Chemni moja.

Mzee_wa_Shangani

Alhamdulillahi. Huyo mzee wa sarafu ni wa kufunga naye udugu.

Nesi_wa_Temeke

Hongera. Vyombo vimekaushwa?

Binti_Ngamiani

Vimekaushwa Nesi, kila kimoja kichwa chini juu ya kanga, ndipo vikarudi. Glasi za mguu zimerudi nane. Ya tisa bi harusi aliondoka nayo na ua lake. Nimempigia, anasema seti ilishavunjika zamani, nisimsumbue fungate.

Shangazi_Mkali

Mwache nayo. Na hizo bilauri tatu nzima, Idi nitakuja kunywea.

Binti_Ngamiani

Karibu sana shangazi. Ile ya nne itakuwa na ua mbele yako.

Nimesahau: Jumatatu nilikipeleka kibakuli cha kijani kwa wakala wa mtaa wetu. Tukazima taa ya duka, akamulika. Kimewaka! Foleni nzima ilipiga kelele, mwenye kutoa hela akasahau namba yake ya siri.

Wakala_wa_Kona

Nitakupa 30,000, leo leo, natuma kwa simu.

Chibuku_wa_Brum

Usikubali.

Binti_Ngamiani

Hakiuzwi mkuu. Nimetia matawi ya mrehani yaliyobaki Jumamosi, leo asubuhi nimekuta yametoa mizizi. Kesho nayahamishia kwenye udongo, Nesi asije akanipigia.